Aliponiuliza Simba amekula nini

Daktari wa mifugo alikuwa amechuchumaa uani kwangu, sindano ya chanjo mkononi, mbwa wetu Chui amembana katikati ya magoti. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Septemba, siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, na upepo wa Dodoma ulikuwa unatupiga vumbi mpaka menoni. Mwanangu wa miaka saba akatoka ndani na kichala cha zabibu. Akachuma moja, akamnyooshea Chui ili asiogope sindano.

Daktari akamshika mtoto kifundo cha mkono. Taratibu, kama mtu anayezuia kikombe kisimwagike.

"Hapana, baba. Mbwa hapewi zabibu. Zinaua figo."

Kisha akainua macho akanitazama mimi. Hakusema neno jingine.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu siku.

## Jumamosi ya ndoo

Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti tulikuwa tunarudi kutoka Mpunguzi. Msimu wa pili wa zabibu ulikuwa umechanganya, na kando ya barabara ya Iringa ndoo zilikuwa zimepangwa kama kawaida: vichala vyeusi vyenye ule ukungu mweupe unaofutika kwa kidole, na mama muuzaji anakupa moja uonje kabla hujauliza bei. Nikachukua ndoo ndogo ya lita kumi.

Anayenunua kwa ndoo anajua. Juu vichala vimekaa vizuri, chini kuna zilizopondwa na uzito wa zile za juu, zinaelea kwenye maji yake, zimeanza kuita nyuki. Za juu tulikula. Za chini niliona hasara kuzitupa.

Mimi ndiye niliyerusha ya kwanza. Naomba hilo lisomwe kabla ya mengine yote. Simba, mbwa wetu mwingine, alikuwa amekaa chini ya kamba ya nguo, ananitazama ninavyotafuna, nikamrushia moja. Akaidaka hewani, meno yakagonga ta, watoto wakapiga kelele za furaha. Basi ukawa mchezo wa alasiri nzima. Mwanangu anarusha juu zaidi, Simba anaruka juu zaidi, Chui naye anaokota zinazoanguka. Jioni, zile za chini ya ndoo nikazimimina kwenye sahani yao, nikaongeza ugali kidogo. Wakalamba sahani mpaka ikang'aa.

Simba alikuwa mbwa wa kienyeji kama mbwa wote wa huku, rangi ya udongo, mkia umepinda, kilo kama kumi na nane. Alikuja kwetu ndani ya boksi la viatu. Baba wa watoto ni dereva wa malori, anaweza kukaa wiki nzima njiani. Usiku mimi nimelala na watoto wawili, aliyekuwa macho ni Simba. Mlango wa jikoni una alama ya mgongo wake mpaka leo, doa la mafuta ya manyoya kwenye rangi ya bluu, usawa wa goti langu. Sijaliosha.

## Nilichokimwagia maji

Jumapili alfajiri nilikuta ametapika mara mbili karibu na karo la kuoshea vyombo. Nakumbuka vizuri nilichokiona, na ndicho kilichoninyima usingizi wiki zote hizi. Ugali kidogo. Povu la njano. Na maganda ya zabibu, meusi, yamekunjamana, mengine bado na mbegu zake ndani. Yalikuwa pale kwenye sakafu ya saruji, mtu angeweza kuyahesabu.

Nikayamwagia ndoo ya maji ya sabuni, nikayafagia kwenye mfereji.

Nilijiambia amevimbiwa, amekula kwa pupa, kesho atakuwa mzima. Mchana hakula. Dagaa ambao siku nyingine angewapigania na paka aliwanusa tu, akageuza kichwa. Maji alikunywa bakuli zima, akayatapika. Nikampa maziwa, maana kwetu mnyama akizidiwa anapewa maziwa, na nilipompa nilijiona nimefanya jambo. Nayo yakatoka vilevile.

## Sumu

Jumatatu nilipomwona anajaribu kusimama miguu ikikataa, neno lilikuja lenyewe.

Sumu.

Kila anayefuga mbwa wa ulinzi mjini ananielewa. Mtaani kwetu mbwa hafi, mbwa anauawa. Wezi wanatupa nyama yenye sumu leo ili waje kesho. Jirani aliyechoshwa na kelele anachanganya sumu ya panya na kichwa cha samaki. Tumeyasikia, wengine wameyaona kwa macho. Kwa hiyo mbwa akilegea ghafla hatuulizi ni nini. Tunauliza ni nani.

Na mimi nilikuwa na wangu. Mzee wa nyumba ya pili, tunapakana ukuta. Ni Mgogo wa hapahapa, mtu wa kuamka kabla ya majogoo, ndiye aliyenifundisha kusalimia "mbukwa" nilipohamia kutoka Tanga ofisi yetu ilipoletwa Dodoma. Mwezi mmoja kabla ya hayo Simba alimkamata kuku wake. Nililipa, tukayamaliza. Lakini alipokuwa anaondoka alisema, "Mama, mfunge mbwa wako. Ipo siku atakutia hasara." Siku ile niliyachukulia kama maneno ya mzee. Jumatatu hii nikayachukulia kama ushahidi.

Nilipanda juu ya tofali nikachungulia ng'ambo ya ukuta. Nilikuwa natafuta kipande cha nyama, karatasi ya sumu, chochote. Mzee alikuwa anafagia chini ya mkwaju wake. Aliponiona akainua mkono.

Nikashuka kwenye tofali bila kuinua wangu.

## "Amekula nini?"

Daktari alifika jioni. Akainua mdomo wa Simba kwa kidole gumba, akatazama fizi, akazibonyeza na kuangalia rangi inavyorudi. Akamulika macho kwa tochi ya simu. Akambonyeza taratibu nyuma ya mbavu, na hapo Simba, ambaye hakulia hata siku alipogongwa na bodaboda, akatoa mlio mwembamba kama wa mtoto wa mbwa.

"Ni sumu, daktari," nikasema. "Ya panya, au zile za shambani."

Alinijibu kwa upole huku mikono ikiendelea na kazi. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, kwa hiyo angetegemea kuona damu kwenye fizi, puani au kwenye choo. Dawa nyingi za kuulia wadudu humtoa mbwa mate, humtetemesha, na mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya pini. Simba hakuwa na dalili hata moja kati ya hizo.

"Mara ya mwisho amekojoa lini?"

Sikujua.

"Na amekula nini siku mbili hizi?"

"Chakula chake cha kawaida tu. Ugali na dagaa."

Sikudanganya, na ndilo linaloniuma. Nilijibu kwa moyo mweupe. Kichwani mwangu zabibu hazikuwa chakula cha mbwa, zilikuwa mchezo wa Jumamosi. Kama angeuliza "mmecheza nini na mbwa," ningemwambia yote.

Jumanne majibu ya damu yakaja. Kreatinini na urea, uchafu ambao figo ndizo huutoa mwilini, vilikuwa vimepanda mno. Figo zimegoma, daktari akasema, na hajui kwa nini mbwa wa miaka minne, mwenye misuli vile, figo zimegoma kwa siku tatu. Akamtundikia dripu kwenye nondo ya dirisha la jikoni. Kazi yetu sisi ilikuwa kusubiri mkojo.

"Mtandikie gazeti, mama. Likilowa, nipigie hata saa nane za usiku."

Nilikesha na lile gazeti. Kila baada ya muda namsogeza kidogo, napapasa chini yake kwa kiganja. Kavu. Dripu inaingia tone kwa tone, na kwa chini hakuna kinachotoka. Jumatano pumzi yake ilianza kunuka mkojo, harufu ile ile tuliyokuwa tunaisubiri kwenye gazeti ikawa inatoka mdomoni.

Alhamisi kabla ya adhana alikuwa ameshapoa. Gazeti nililikunja likiwa kavu.

Mtaani nikasema amewekewa sumu. Nililisema dukani, nikaliandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Sikutaja jina, ila kila mtu alijua ni ukuta gani ninaousema. Asubuhi mzee akisalimia, mimi napita kama mtu anayewahi gari. Nilifanya hivyo mwezi mzima.

## Baada ya chanjo

Siku ile ya chanjo, Chui alipoachiwa akakimbilia nyuma ya tanki, nilimvutia daktari kiti nikamweleza. Ndoo. Mchezo. Sahani. Maganda kwenye sakafu.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nilikuuliza, mama." Na baada ya muda tena: "Lakini na mimi ningetaja kwa jina. Dodoma hii, msimu huu, ningeuliza zabibu."

Usiku huo nikaanza kusoma, na sijaacha.

Kumbe jambo lenyewe hata kwa madaktari si la zamani sana. Huko Marekani kuna kituo cha shirika la ASPCA ambacho watu hupiga simu mnyama wao akila kitu kibaya. Kuelekea mwaka 2000 waliokuwa wanapokea simu hizo waliona kisa kinajirudia: mbwa mzima, hana historia ya ugonjwa, kala zabibu, anatapika, baada ya siku mbili tatu figo zimekufa. Mwaka 2001 wakaliandika kwenye jarida la madaktari wa mifugo. Miaka michache baadaye wenzao wakakusanya habari za mbwa 43 ambao figo zao zilifeli baada ya kula zabibu kati ya mwaka 1992 na 2002. Wote 43 walitapika. Waliopona ni 23. Na wale ambao mkojo ulipungua, wakalegea na kuyumba, ndio waliokuwa na nafasi ndogo.

Niliposoma hapo nilifunga simu nikakaa gizani. Nilikuwa nafikiria gazeti.

Kilichowasumbua zaidi wataalamu ni kwamba hawakujua ndani ya zabibu kuna nini. Walidhani ni kuvu. Walidhani ni dawa za kunyunyizia, lakini mbwa waliokula zabibu za uani, zisizoguswa na dawa, nao waliugua. Miaka ishirini ikapita hivyo. Kisha akatokea mbwa aliyekula udongo wa kuchezea ambao watu walikuwa wameutengeneza nyumbani kwa ajili ya watoto, wa unga na chumvi na kile kiungo cheupe cha kuokea kiitwacho krimu ya tata. Akaugua vilevile, figo zilezile. Krimu ya tata ni chumvi ya asidi ya tartariki, na zabibu ni katika matunda machache yaliyojaa asidi hiyo. Ndiyo ile inayogeuka chembe ngumu zinazong'aa na kuganda kwenye matangi na mapipa ya mvinyo. Mwaka 2021 madaktari wa kituo kilekile wakaandika kwamba huenda mchawi ni huyo, na tangu hapo ushahidi umekuwa ukielekea upande huo. Figo za mbwa zinaonekana kushindwa kuitoa asidi hii kama zetu zinavyofanya, inabaki ndani na kuunguza ile mirija midogo ya figo inayorudisha maji mwilini.

Tunaishi kwenye mkoa wa zabibu. Watoto wetu wanajua bei ya ndoo kabla hawajajua kusoma. Sikuwahi kumsikia mtu akilisema hili, si sokoni, si shambani, si ofisini.

## Neno moja kwa vitu viwili

Kuna jambo la lugha lililonishughulisha. Nilipokuwa mdogo Tanga, zabibu zilikuwa zile kavu, ndogo, zilizosinyaa, ambazo bibi alizihesabu kwa vidole akiziweka kwenye tambi za sikukuu. Zabibu za kichala niliziona kwenye picha. Nilipofika Dodoma ndipo nilipotambua kuwa ni kitu kimoja. Waarabu waliotupa neno hili, kwao *zabib* ni ile iliyokaushwa, na ya kichala wanaiita *inab*. Sisi tukachukua neno moja likabeba zote mbili.

Kwa mbwa, Kiswahili kimepatia. Ni kitu kimoja.

Tena iliyokaushwa ni mbaya zaidi, maana maji yametoka na kilichobaki kimekolea. Kiasi kidogo kilichowahi kuandikwa kuwa kimemdhuru mbwa ni takriban gramu 3 za zabibu kavu kwa kila kilo ya uzito wake. Mbwa mdogo wa kilo tano anahitaji gramu kumi na tano, konzi ya mtoto. Kwa zabibu za kichala ni takriban gramu 20 kwa kilo. Nilipiga hesabu ya Simba na kilo zake kumi na nane. Ni gramu 360. Zile nilizomimina kwenye sahani peke yake, mbali na za mchezo, zilizidi hapo. Na madaktari wanasisitiza hesabu hizi zisitumike kama kipimo cha usalama, kwa sababu mbwa hawalingani.

Kwa hiyo Desemba ikija fikirini keki. Fikirini mkate wa zabibu, pilau na tambi za wageni, na makombo tunayoyakusanya kwenye sahani moja kwa ajili ya mbwa. Kupika hakusaidii.

## Mbwa wawili, sahani moja

Sasa niseme shaka yangu, maana nimeishi nayo.

Chui alikula sahani ileile. Aliokota zilizoanguka alasiri nzima, akalamba ndoo. Hakutapika hata mara moja. Yupo, anabweka ninavyoandika.

Mfanyakazi mwenzangu, ambaye wazazi wake wana shamba Hombolo, aliniambia waziwazi kwamba nimejitungia. "Dada, mbwa wetu wanashinda chini ya mizabibu. Zikianguka wanakula, miaka yote. Na mbuzi wanakula mpaka majani. Wewe uliwekewa sumu, kubali." Na nakiri kuna siku tatu nne nilitaka sana kumwamini. Ingekuwa rahisi. Ningemrudia mzee wa ukutani na hasira yangu ikiwa salama.

Lakini kila nikigeuza naona hapo hapashikiki. Waliochunguza wanasema ndivyo lilivyo: mbwa mmoja hula nyingi asidhurike, mwingine hula chache akafa, na hakuna anayeweza kumtazama mbwa akajua ni wa kundi gani. Asidi yenyewe hupanda na kushuka kwa aina ya zabibu, kwa udongo, kwa zilivyoiva. Mbuzi ana tumbo lake na figo zake, hanifundishi kitu kuhusu mbwa. Na wale mbwa wa Hombolo, niliuliza, hawafi? "Wanakufa," akasema, "kama mbwa wote." Wanakufa kwa nini? Akacheka, kisha akaacha kucheka. Hakuna aliyewahi kuwapima figo. Anayekufa anaburutwa kwenye korongo, na watu wanasema nyoka, au sumu.

Nami ningesema hivyo hivyo, kama daktari asingechukua damu, na kama mwanangu asingetoka ndani na kichala.

Ningejua Jumamosi ile, kazi ingekuwa ndogo. Ningempigia daktari jioni ileile, mbwa akiwa bado anatingisha mkia, bila kusubiri dalili. Katika saa chache za mwanzo daktari anaweza kumchoma sindano ya kumtapisha, na zabibu hukaa tumboni muda mrefu, kwa hiyo hata ukichelewa kidogo inafaa kujaribu. Halafu dripu ya siku mbili au zaidi kabla figo hazijaharibika, na damu ipimwe tena na tena mpaka siku ya tatu ipite. Maziwa hayazuii kitu. Kumnywesha mbwa chumvi ili atapike, kama wengine wanavyofanya, kunaweza kumuua kwa chumvi yenyewe. Na matapishi yasimwagiwe maji. Yapigwe picha, au yatiwe kwenye mfuko yaende na mbwa.

Jumatatu jioni, daktari alipouliza amekula nini, tulikuwa tumeshachelewa sana. Hilo nimelielewa sasa. Bado natamani ningejibu sawasawa.

## Ukuta

Nilikwenda kwa mzee Jumapili moja baada ya ibada, na kilo mbili za sukari, maana sikujua mtu hubeba nini kwa jambo kama hili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu ndani."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Kwamba nilidhani ni yeye. Kwamba nililisema kwa watu. Kwamba Simba aliuawa na zabibu nilizompa kwa mkono wangu. Aliposikia zabibu aliinua kichwa, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, akasema yeye amelima mizabibu tangu kijana na hajawahi kusikia. Kisha akarudi kwenye lile nililokuja nalo.

"Nilijua," akasema. "Ulipoacha kuitikia salamu, nilijua. Dukani nako walinitazama. Kijana mmoja aliniuliza mzee unauza ile dawa yako?"

Sikuwa na la kusema. Aliniacha nisimame nayo kwa muda, na nadhani alikuwa na haki. Halafu akapokea sukari, akaita mjukuu alete kiti.

Kwenye kikundi cha mtaa nimeandika. Nimeandika kwa maneno ya wazi kwamba hakuna aliyemwekea mbwa wangu sumu, na kwamba niliyemlisha ni mimi. Watu watatu wakaweka alama ya kulia. Mmoja akauliza zabibu za kijani je. Za kijani pia, nikamjibu.

## Chini ya mkwaju

Mwanangu hakuuliza siku ya chanjo. Aliuliza siku ya nne, ninamfunga kamba za viatu.

"Mama, kwa hiyo Simba ni mimi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hili na majibu yote yakanitoka. Nikamwambia ya kwanza nilirusha mimi. Nikamwambia zile nyingi za jioni, zile za sahani, nilimimina mimi, na yeye hakuwepo, alikuwa anaoga. Akafikiri. "Lakini mimi nilirusha nyingi." Ndiyo, baba, ulirusha nyingi. Ulikuwa unampenda. Na yeye alikuwa anafurahi. Akasema, "Alikuwa anaruka sana," akavaa begi lake, tukaondoka. Sijui kama nilijibu vema. Siku hizi akila chochote anauliza kwanza kama mbwa anaruhusiwa, hata muhogo, hata ndizi, na mimi najibu kila mara, sijawahi kumwambia anyamaze.

Ndiye aliyegundua habari ya ukwaju, kwa namna yake. Nilikuwa namsomea baba yake kwenye simu kwamba asidi ileile imejaa kwenye ukwaju, na kwamba mwaka 2022 wale madaktari waliandika habari za mbwa waliokula ukwaju figo zikawafanya vilevile. Mtoto akaenda dirishani. "Mama. Mti wa babu."

Tawi kubwa la mkwaju wa mzee limevuka ukuta. Makoko yake yanadondoka upande wetu, palepale kwenye kivuli ambapo Chui analala mchana. Nimeishi chini ya tawi lile miaka yote hii, natengeneza juisi yake, natupa makapi uani.

Kumwomba mzee akate tawi sijaweza. Nimekwenda kwake na sukari juzi tu, nimepewa kiti, siwezi kurudi wiki ya pili na panga. Labda baada ya mvua.

Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya shule tunafagia. Mimi nashika ufagio, yeye anaokota yaliyoingia kwenye kona za tofali, anayahesabu kwa sauti na kuyatia kwenye ndoo, ileile ya lita kumi. Chui tunamfungia jikoni mpaka tumalize. Jana yalikuwa makoko kumi na tisa. Yeye alivunja moja, akanyonya nyama yake, akakunja uso kwa ukali, kisha akatema mbegu kwenye kiganja, moja moja, akaniletea nizitie ndooni pamoja na mengine.